Bunduki ya rangi kwenye baridi ya Nyanda za Juu: kuitumia na kuitunza bila kumuumiza mtu

Bunduki ya rangi haikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Kampuni ya rangi ya Nelson ya Marekani iliitoa kwa mabwana miti wapate kuweka alama kwenye miti bila kuufuata mmoja mmoja porini, na kwa wafugaji wa kuweka alama kwenye ng'ombe. Tarehe 27 Juni 1981 watu 12 walikutana Henniker, jimbo la New Hampshire, wakiwa na bunduki hizo aina ya Nelspot 007, wakacheza mchezo wa kuwindana na kutafuta bendera. Peintiboli ikaanzia hapo. Mtu wa Mufindi aliyezoea kuona mipaini iliyopakwa alama za rangi hatashangaa kusikia hivyo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandaa mchezo huu Mbeya, Iringa au Njombe, kwa wafanyakazi wenzake, wanachuo au vijana wa kanisani, na ambaye bunduki zitakuwa mikononi mwake kabla na baada ya mchezo. Vijitabu vinavyokuja na bunduki hizi ni vizuri, visome. Lakini havijui asubuhi ya Mafinga mwezi wa saba, pale saa mbili watu wanapuliza mikono yao na saa saba mchana wamevua makoti. Tofauti hiyo ya joto ndani ya siku moja ndiyo inayoweza kuigeuza bunduki iliyopimwa vizuri asubuhi kuwa bunduki ya hatari mchana. Ukiondoka na hilo moja tu, nimeridhika.

Ruhusa kwanza

Kabla hujaagiza chochote, nenda kituo cha polisi cha wilaya ukaeleze unachotaka kuleta, ukiwa na picha na maelezo ya kifaa, na uulize forodha vilevile. Omba jibu la maandishi. Kifaa hiki kwa mbali kinafanana na silaha, na anayekiona mara ya kwanza ana haki ya kuogopa. Kwa sababu hiyo hiyo, kisionekane barabarani wala kwenye bodaboda: kiwe ndani ya begi lililofungwa mpaka uwanjani.

Uwanja uwe wa mtu unayemjua na aliyekubali. Shamba la miti la Serikali kama Sao Hill liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, huwezi kuingia tu na kundi la watu wenye bunduki, hata za rangi. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji au mtendaji siku chache kabla. Uende mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Ukishaitikiwa “kamwene”, salamu ya huko, na kukaa kidogo barazani, utaambiwa mambo ambayo ramani haikuambii: njia ya akina mama wa kuni inapita wapi, watoto wanachunga upande gani, nani ameweka mizinga ya nyuki. Siku ya mchezo zungusha kamba ya rangi kali kuzunguka eneo lote na uweke mtu kila mahali njia inapokatiza.

Macho

Risasi ya bunduki hii ni kidonge cha mviringo chenye rangi ndani. Kidonge cha kawaida cha kipimo cha .68 (sehemu ya inchi) kina kipenyo cha milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3. Kikitoka kwa mwendo wa mita 91 kwa sekunde, sawa na kilomita zaidi ya 320 kwa saa, kikikupiga pajani kitaacha alama ya bluu kwa siku kadhaa. Kikikupiga jichoni, jicho hilo linaweza kupotea siku hiyo hiyo. Hapo hakuna mjadala wa nani mzoefu na nani mgeni.

Barakoa iwe ile iliyotengenezwa kwa peintiboli, inayofunika macho, masikio na mdomo, na yenye alama ya kiwango cha ASTM F1776 kwenye kioo au fremu. Miwani ya jua haifai. Miwani ya fundi wa kuchomelea haifai. Kioo cha helmeti ya bodaboda hakifai, hata kiwe kinene vipi. Kama una watu kumi na barakoa nane, wanacheza watu nane.

Kioo cha barakoa ni cha polikaboneti, plastiki ngumu inayostahimili kishindo, ila ni dhaifu mbele ya kemikali. Ukiifuta kwa spiriti, petroli, thina au dawa ya kusafishia vioo vya dirisha, inapata nyufa ndogo sana ambazo huzioni, na siku ya kupigwa inapasuka. Ioshe kwa maji safi na kitambaa laini, basi. Kabla ya kila mchezo ishike mbele ya mwanga, uigeuze polepole pembe zote. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa kuanzia ukingoni, au mahali palipofifia kama ukungu usiofutika, badilisha kioo. Kibadilishe pia kikipigwa kwa karibu sana, na mwaka ukipita hata kama kinaonekana kizima.

Ukungu wa pumzi ni tatizo kubwa kwetu kuliko kwa watu wa Dar. Kwenye baridi ya Njombe au Kitulo barakoa ya kioo kimoja inaziba ndani ya dakika chache, na mtu asiyeona hushawishika kuinyanyua kidogo apangusie ndani. Hapo ndipo ajali hutokea. Nunua barakoa zenye vioo viwili vilivyoachana kwa nafasi ya hewa katikati. Ni ghali zaidi, lakini afadhali upunguze idadi ya bunduki kuliko kubana hapo. Na sheria itamkwe kwa sauti kabla ya kuanza: barakoa haivuliwi wala kunyanyuliwa uwanjani kwa sababu yoyote. Ukishindwa kuona, piga kelele, kaa chini, subiri mwamuzi akusindikize nje.

Gesi

Bunduki hizi hutumia ama gesi ya kabonidayoksaidi ama hewa iliyoshindiliwa. Kabonidayoksaidi ni rahisi kuipata kwetu, kwani Rungwe inatoka yenyewe ardhini na kampuni ya TOL Gases huivuna huko. Tatizo lake ni joto. Ndani ya mtungi inakaa kama kimiminika na mvuke juu yake, na shinikizo la mvuke huo linafuata joto la mtungi. Kwenye nyuzi 0 shinikizo ni kama baa 35. Kwenye nyuzi 10, baa 45. Kwenye nyuzi 20, baa 57. Likivuka nyuzi 31 kimiminika chote kinageuka, na kama mtungi ulijazwa kupita kiasi, shinikizo hupanda kwa kasi ya kutisha. Ndiyo maana mtungi hujazwa kwa kupima uzito kwenye mizani, kamwe si kwa kukadiria, na hauachwi kwenye gari lililofungwa juani.

Hewa iliyoshindiliwa hukaa kwenye mtungi wa baa 200 au 300, na regyuleta iliyo kwenye shingo ya mtungi huishusha mpaka kiasi cha baa 55 kabla haijaingia kwenye bunduki. Baridi haiisumbui sana. Shida ni kuijaza, maana inahitaji kompresa maalumu kama ya wapiga mbizi. Kompresa ya gereji ya kujazia matairi haifikii hata sehemu ndogo ya shinikizo hilo.

Sasa onyo ambalo naomba lisomwe mara mbili. Mitaani kuna mafundi wengi wa kuchomelea wenye mitungi mikubwa ya oksijeni, na mtu mwenye haraka anaweza kuona hewa ni hewa tu. Usijaze oksijeni kwenye mtungi wa bunduki ya rangi. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na tone la mafuta au grisi inawaka na kulipuka, na ndani ya bunduki kuna mafuta. Gesi ya kupikia nayo ni marufuku. Kwa sababu inayofanana, usitie tone la mafuta kwenye tundu la kujazia mtungi wa hewa.

Angalia pia tarehe iliyogongwa au kubandikwa kwenye mtungi. Kwa viwango vya Marekani mitungi ya hewa hupimwa upya kila baada ya miaka 5, na ile iliyozungushiwa nyuzi za kaboni hutumika kwa miaka 15 tu tangu kutengenezwa. Mtungi wenye mchubuko uliokata nyuzi, au uliobonyea, haujazwi tena.

Jambo moja dogo linaloweza kuokoa maisha: nunua rangi ya kucha, chupa moja dukani, uchore mstari mwembamba unaoanzia kwenye vali na kushuka mpaka kwenye mwili wa mtungi. Unapofungua mtungi kutoka kwenye bunduki, vali na mtungi vinatakiwa kuzunguka pamoja, na mstari ubaki umenyooka. Ukiona nusu ya juu imebaki na nusu ya chini imesogea, maana yake ni kwamba mtungi unafunguka kutoka kwenye vali yake. Acha hapo hapo, usiendelee hata robo mzunguko, weka chini bunduki na mtungi wake pamoja, waondoe watu, mwite anayejua mitungi. Marekani wapo waliouawa na mtungi uliochomoka namna hiyo na kuruka.

Kupima mwendo

Kikomo kinachofuatwa na viwanja vingi duniani ni futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91. Mimi ningeweka bunduki zote za kukodisha chini ya mita 85, na kwa vijana chini zaidi. Kipimo chake ni kidude cha elektroniki kinachowekwa mbele ya mtutu, kinaitwa kipima mwendo. Bila hicho hakuna mchezo. Anayesema anajua mwendo kwa kusikia mlio anajidanganya.

Piga kidonge kimoja, subiri nusu dakika, piga kingine, mpaka vifike vitano au sita. Kusubiri kuna sababu: ukipiga mfululizo gesi inapoza mtungi, mwendo unashuka, kipimo kinakuonyesha namba nzuri isiyo ya kweli. Chukua namba ya juu kuliko zote, usitafute wastani. Kisha rekebisha kwa spana ya aleni kwenye skrubu ya mwendo, robo mzunguko kwa wakati. Kwa baadhi ya bunduki kuikaza skrubu hupunguza mwendo na kuilegeza huongeza, lakini zipo za kinyume, kwa hiyo pima kila unapozungusha.

Halafu rudia. Hapa ndipo penye tofauti yetu. Umepima saa mbili asubuhi, mtungi una nyuzi 8, bunduki inarusha dhaifu, ukaongeza mpaka mita 84. Jua linachoma saa sita, mtungi umelala kwenye nyasi kavu mbele ya jua na umefika nyuzi 26 au 28. Bunduki ile ile, skrubu ile ile, sasa inavuka kikomo na hakuna aliyeigusa. Kwa bunduki za kabonidayoksaidi pima unapoanza, pima ukungu unapoondoka, pima saa sita, na pima kila mtungi unapobadilishwa. Kati ya raundi mitungi ikae kivulini, juu ya turubai. Ikiwezekana asubuhi usiongeze skrubu hata kidogo: acha vidonge viende polepole mpaka siku ipate joto. Watu watalalamika kwamba bunduki haifiki mbali. Waache walalamike.

Usiushike mtungi wa kabonidayoksaidi mdomo wake ukiangalia chini wala usiinamishe mtutu chini sana kwa muda mrefu, maana kimiminika kitaingia kwenye bunduki. Kitageuka gesi mle ndani kwa ghafla, mwendo utaruka juu, na oringi, zile pete za kuzuia gesi isivuje, zitaganda na kuchanika.

Vidonge vya rangi

Ganda lake ni jelatini kama la vidonge vya hospitali, na ndani kuna rangi inayoyeyuka kwa maji. Jelatini inavuta unyevu. Kwenye masika ya Tukuyu vidonge vilivyoachwa wazi usiku mmoja vinavimba na kushindwa kupita kwenye mtutu. Kwenye baridi ya Juni na Julai vinakuwa vikavu na kupasukia ndani ya bunduki. Vihifadhi ndani ya nyumba, kwenye mfuko wake uliofungwa, na kila wiki geuza mfuko ili visipate ubapa upande mmoja. Nunua vya kutumia ndani ya miezi michache. Kidonge kilichoanguka chini usikirudishe kwenye hopa, kile chombo cha vidonge kilicho juu ya bunduki, hata ukikifuta: chembe moja ya mchanga inakwangua mtutu. Na usivigandishe kwenye friji. Havigeuki mawe kama vijana wanavyoambiana, vinapasuka tu.

Uwanjani

Kila bunduki iwe na soksi ya mtutu, ule mfuko wa kitambaa kigumu wenye kamba ya mpira inayozungushwa nyuma ya bunduki. Vizibo vya plastiki vya kuchomeka mtutuni havitoshi, kidonge cha kwanza kinaweza kukitoa na cha pili kikapita. Soksi hutolewa mtu akishaingia uwanjani na mwamuzi akishatoa amri, na hurudishwa kabla hajatoka. Sefti ya kwenye triga iwekwe pia, lakini usiiamini peke yake.

Mchezaji akimfikia mwenzake kwa hatua chache, amwambie ajisalimishe, asimpige. Wanyama, magari na vibao vya barabarani havipigwi. Watoto wasiachiwe bunduki bila mtu mzima kusimama nao.

Kidonge kikipasukia mtutuni utaona rangi inatoka kama mvua na vidonge vinapinda kushoto na kulia. Mchezaji anyooshe mkono, aweke sefti na soksi, atoke na barakoa usoni. Haangalii ndani ya mtutu. Nje, toa hopa, fungua mtutu, upitishie fimbo yenye kitambaa mpaka utoke mkavu kabisa.

Kutoa gesi na kusafisha

Mpangilio huu usigeuzwe. Barakoa usoni muda wote, na mtutu uelekee kwenye kichuguu au tuta la udongo.

1. Toa hopa yenye vidonge kwanza. Gesi baadaye.
2. Piga mara mbili au tatu kuelekea udongoni, kitoke kidonge kilichobaki chemba.
3. Fungua mtungi taratibu ukitazama ule mstari wa rangi ya kucha.
4. Piga tena mpaka usisikie pumzi yoyote ya gesi. Ukiacha gesi kidogo ndani, springi na nyundo vinaweza kukurukia usoni unapofungua.
5. Sasa ndipo unaweza kuvua barakoa na kushika spana.

Fanya kazi hii nje au penye hewa ya kupita. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini na kujaza chumba kilichofungwa bila harufu yoyote, na mtu aliyeinama kwenye benchi ndiye wa kwanza kuivuta.

Kwa kuwa rangi inayeyuka kwa maji, maji ya uvuguvugu na kitambaa vinatosha. Petroli, dizeli na thina huvimbisha oringi. Usizamishe bunduki nzima kwenye beseni, na yenye betri isiguswe na maji ndani. Sehemu inayosahaulika ni kile kipande kidogo cha mpira pembeni ya chemba kinachozuia kidonge kisitangulie. Kikilika, vidonge viwili vinaingia kwa pamoja na kupasuka, na watu wanalaumu vidonge. Kibonyeze kwa ncha ya kidole, kinatakiwa kirudi mahali pake mara moja.

Bunduki za kawaida za kukodisha, zile zinazofanya kazi kwa springi na nyundo, hupenda mafuta mepesi ya vifaa vya upepo: matone matatu au manne kwenye tundu la bunduki panapofungwa mtungi, si kwenye mtungi wenyewe, kisha funga mtungi na upige mara kadhaa bila vidonge. Za elektroniki nyingi hutaka grisi ya mtengenezaji, kwa hiyo fuata kijitabu chake. Ndani ya mtutu na kwenye hopa pasiwe na mafuta kabisa, kidonge chenye mafuta hakiendi sawa. Vumbi la kiangazi la Makambako likichanganyika na mafuta linakuwa msasa, basi futa ya zamani kwanza ndipo utie mapya.

Ukisikia pumzi inavuja, paka maji ya sabuni kwenye maungio na utazame povu linapojaa. Mara nyingi ni oringi iliyo kwenye mdomo wa mtungi. Ipitishe ukucha kuizunguka yote: ukikwama kwenye mkato mdogo, itupe. Weka mpya ya kipimo kile kile na ya plastiki ngumu ya kuhimili gesi hii, si ile ya bomba la maji, ambayo itanyonya kabonidayoksaidi na kuvimba. Usifunge kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Gesi ikivujia mtutuni wakati bunduki imetulia, tatizo liko kwenye vali ya ndani. Hiyo mpelekee fundi anayeijua.

Hifadhi bunduki ikiwa tupu, springi haikubanwa, na soksi juu yake. Funguo za kabati ziwe kwa mtu mmoja. Mitungi ikae kando, imesimama, mbali na jiko na dirisha la jua. Kwenye basi usitie mtungi uliojaa kwenye buti pamoja na mizigo mingine, huko chini kuna joto na kugongana. Na kama unapandia ndege Songwe, waulize shirika mapema: mtungi lazima uwe mtupu kabisa, na huenda wakataka vali ifunguliwe na mtu wa mitungi ili waone ndani.